Katriji ya gramafoni

Katriji ya gramafoni ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye ncha ya mkono wa gramafoni. Kazi yake ni kugeuza mitikisiko ya sindano inayopita ndani ya mfuo wa santuri kuwa umeme. Umeme huo hukuzwa na amplifaya na hatimaye kusikika kwenye spika kama sauti ya mwimbaji au ya ala za muziki.

Katika makala hii neno gramafoni linamaanisha mashine inayozungusha sahani, na neno santuri linamaanisha sahani yenyewe, ingawa katika mazungumzo ya kawaida watu wengi huita vyote viwili santuri.

Katriji na sindano yake ndiyo sehemu ya mashine inayokutana na mfuo. Amplifaya mbovu huharibu sauti ya siku hiyo tu, lakini sindano mbovu hukwaruza kuta za mfuo, na mfuo uliokwaruzwa hautengenezeki tena. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa katriji ni jambo la maana hata kwa mtu mwenye fedha kidogo. Bei peke yake si kipimo cha kutosha. Katriji ya bei nafuu inayolingana na mkono, amplifaya na santuri zilizopo hufanya kazi vizuri kuliko ya bei kubwa isiyolingana navyo.

Historia kwa ufupi

Thomas Edison wa Marekani alibuni mashine ya kurekodi sauti kwenye silinda mwaka 1877. Miaka kumi baadaye, mwaka 1887, Emile Berliner aliomba hataza ya mashine inayotumia sahani bapa. Gramafoni za mwanzo hazikutumia umeme: sindano ya chuma ilitikisa utando mwembamba, na sauti ikatoka kupitia pembe kubwa. Urekodi wa umeme ulianza kutumika kibiashara mwaka 1925, na baada ya hapo zikaenea katriji zinazotoa umeme.

Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ya muda mrefu inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika. Mwaka 1949 RCA Victor ilitoa santuri ndogo ya inchi 7 inayozunguka mara 45. Mifuo ya santuri hizi ilikuwa myembamba sana kuliko ile ya santuri za zamani zilizozunguka mara 78, kwa hiyo zilihitaji sindano ndogo zaidi. Santuri za stereo, ambazo msingi wake uliwekwa na mhandisi Mwingereza Alan Blumlein katika hataza ya mwaka 1931, ziliingia sokoni kwa wingi mwaka 1958.

Historia hiyo ina uhusiano na Afrika Mashariki. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay kurekodi taarabu, na nyimbo zake zikatolewa katika santuri za mizunguko 78. Miaka ya 1960 na 1970 muziki mwingi wa dansi ulitolewa katika santuri ndogo za mizunguko 45, nyingi zikitoka Nairobi na nyingine kwa wachapishaji wa miji mingine, kama vile Chandarana wa Kericho. Kwa hiyo sanduku la santuri lililobaki katika nyumba ya familia linaweza kuwa na aina tatu zilizochanganyika, na sindano moja haifai kwa zote.

Jinsi inavyofanya kazi

Katriji ya kawaida ina sehemu nne:

1. Ncha ya almasi, ambayo watu huiita sindano. Hii ndiyo inayoingia katika mfuo.
2. Kijiti chembamba, mara nyingi cha alumini, kinachobeba ncha hiyo.
3. Mpira mdogo unaoshikilia kijiti na kukiruhusu kucheza.
4. Sumaku na koili za waya zinazozalisha umeme.

Kanuni yake ni ile ile ya dinamo ya baiskeli: sumaku inapocheza karibu na koili, umeme huzalishwa ndani ya koili. Tofauti ni ukubwa. Dinamo huwasha taa, lakini katriji hutoa milivolti chache tu.

Katika santuri ya stereo kila ukuta wa mfuo hubeba sauti ya upande mmoja. Kuta hizo zimeinama nyuzi 45, na katriji ina koili za upande wa kushoto na za upande wa kulia.

Kazi ya ncha ya almasi ni nzito kuliko inavyoonekana. Upande mmoja wa santuri ya dakika 20 una mizunguko zaidi ya 660. Kwa kuwa wastani wa kipenyo cha mfuo ni kama sentimita 20, ncha husafiri zaidi ya mita 400 kwa upande mmoja. Mwanzoni mwa santuri mfuo hupita chini ya ncha kwa takriban sentimita 50 kwa sekunde, lakini karibu na katikati mwendo hupungua hadi sentimita 21 hivi. Mawimbi ya sauti hubanana huko ndani, na ndiyo maana wimbo wa mwisho wa upande ndio unaokwaruza kwanza sindano ikiwa hafifu au imefungwa vibaya.

Aina za katriji

Katriji za kauri hutumia kipande cha kauri au fuwele kinachotoa umeme kinapobanwa. Hutoa umeme mwingi, kwa hiyo mashine haihitaji amplifaya ya awali, na hupatikana katika gramafoni ndogo za bei ya chini kabisa, hasa zile za umbo la sanduku la kubebea. Kasoro yake ni kwamba hukandamiza santuri kwa uzito mkubwa, mara nyingi gramu 5 au zaidi, na kijiti chake ni kigumu. Kwa santuri zenye thamani si chaguo zuri.

Katriji za sumaku inayocheza ndizo zinazotumika zaidi. Sumaku ndogo imefungwa kwenye kijiti, na koili zimetulia ndani ya mwili wa katriji. Kwa kawaida hutoa milivolti 2.5 hadi 7. Faida yake kubwa ni kwamba sindano huchomolewa kwa vidole na kuwekwa nyingine, bila kubadili mwili wa katriji. Zipo pia zinazofanana nazo, ambamo kinachocheza ni kipande cha chuma badala ya sumaku.

Katriji za koili inayocheza zina koili kwenye kijiti na sumaku iliyotulia. Nyingi hutoa chini ya milivolti moja na huhitaji amplifaya ya awali yenye nguvu zaidi. Mfano maarufu ni Denon DL-103, iliyobuniwa miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la utangazaji la Japani, NHK. Kwa kawaida mtumiaji hawezi kubadili sindano yake mwenyewe: ikiisha, katriji nzima hurudishwa kiwandani au kupelekwa kwa fundi maalumu.

Kwa mtu anayetafuta unafuu, katriji ya sumaku inayocheza ndiyo inayofaa, kwa sababu gharama ya kweli ni bei ya katriji pamoja na bei ya sindano zitakazofuata.

Umbo la ncha

Ncha ya mviringo ndiyo rahisi kutengeneza na ndiyo ya bei ndogo. Unene wake kwa santuri za mizunguko 33⅓ na 45 ni kama mikromita 15 hadi 18. Huvumilia makosa madogo ya ufungaji na hufaa kwa santuri za zamani za mizunguko 45 zilizochezwa sana. Udhaifu wake ni kwamba haifuati vizuri sauti nyembamba zilizobanana karibu na katikati ya santuri.

Ncha ya duaradufu ni nyembamba zaidi upande unaogusa kuta, mara nyingi mikromita 8 kwa 18. Hutoa sauti wazi zaidi, na tofauti ya bei yake na ya mviringo si kubwa. Kwa wasikilizaji wengi hili ndilo chaguo la kati.

Ncha za mistari, kama vile ya Shibata iliyobuniwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970, hugusa eneo refu la ukuta na hudumu zaidi, lakini ni ghali na zinadai ufungaji sahihi sana.

Santuri za mizunguko 78 zinahitaji ncha ya mikromita 65 hadi 76 hivi. Ncha ya kawaida ikitumiwa humo huzama hadi sakafu ya mfuo, husikika kelele nyingi, na yenyewe huweza kuharibika. Vilevile ncha nene ya mizunguko 78 haipaswi kamwe kugusa santuri ya mfuo mwembamba.

Kulinganisha katriji na mkono

Jambo la kwanza ni namna ya kufunga. Mikono mingi hupokea katriji yenye matundu mawili ya skrubu yaliyoachana milimita 12.7. Mingine, hasa ya miaka ya 1980, hutumia katriji ya kuchomeka isiyo na marekebisho, ambayo uzito wake wa sindano umewekwa kuwa gramu 1.25. Aina hizi mbili hazibadilishani bila kiungo maalumu. Tena zipo gramafoni ambazo katriji yake haiondolewi kabisa. Hapo mtumiaji hubadili sindano tu.

Jambo la pili ni uzito wa mkono na ulegevu wa sindano. Mkono na katriji vinaning'inia juu ya mpira wa kijiti, na kwa pamoja vina mtikisiko wao wa asili, kama bembea ilivyo na mwendo wake. Mtikisiko huo unatakiwa uwe kati ya hezi 8 na 12. Ukiwa chini zaidi, santuri iliyopinda kidogo itaurusha mkono. Ukiwa juu sana, utaingia katika sauti nzito za muziki.

Hesabu yake ni hii: zidisha uzito wote (mkono, katriji na skrubu, kwa gramu) kwa ulegevu (kwa mikromita kwa kila milinewtoni), tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya 159 kwa jibu hilo. Tuseme mkono una uzito tendaji wa gramu 10, katriji gramu 7.2 na skrubu gramu 1, jumla 18.2. Ulegevu ukiwa 20, zao ni 364, na kipeuo chake cha pili ni kama 19.1. Ukigawanya 159 kwa 19.1 unapata hezi 8.3, ambayo inakubalika. Katriji hiyo hiyo kwenye mkono wa gramu 20 ingetoa kama hezi 6.7, na hapo si chaguo zuri.

Izingatiwe kwamba watengenezaji wa Japani mara nyingi hutaja ulegevu uliopimwa kwa hezi 100, ambao huonekana mdogo. Kwa makadirio, namba hiyo huzidishwa kwa 1.5 hadi 2 kabla ya kutumiwa katika hesabu hii.

Kulinganisha katriji na amplifaya

Umeme wa katriji ya sumaku hauwezi kuingizwa katika tundu la kawaida la amplifaya. Kwanza ni mdogo mno: hukuzwa kama mara 100 kabla ya kufikia kiwango cha vifaa vingine. Pili, wakati wa kukata santuri sauti nzito hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, kufuatana na kanuni ya RIAA iliyokubaliwa mwaka 1954. Kwenye miisho ya masafa mabadiliko hayo hufikia takriban desibeli 20. Amplifaya ya awali hurudisha sauti katika hali yake. Gramafoni ikiunganishwa bila hatua hiyo, muziki husikika kwa mbali, mwembamba na usio na besi, na mara nyingi watu hudhani katriji imekufa.

Baadhi ya amplifaya zina tundu lenye alama PHONO, na baadhi ya gramafoni zina amplifaya ya awali ndani yake. Hakuna haja ya kutumia zote mbili kwa wakati mmoja. Katriji nyingi za sumaku inayocheza hutarajia ukinzani wa ohm 47,000. Waya mrefu kupita kiasi kati ya gramafoni na amplifaya nao hubadili sauti nyembamba.

Mifano ya katriji za bei nafuu

Audio-Technica AT3600L ni miongoni mwa katriji za bei ndogo kabisa zinazoaminika. Kampuni yake ilianzishwa Tokyo mwaka 1962. Ina ncha ya mviringo na hutumia uzito wa karibu gramu 3. Hupatikana tayari katika gramafoni nyingi za wanaoanza, na sindano zake ni rahisi kupatikana. Hufaa kwa mikono mizito na santuri zilizochakaa.

Audio-Technica VM95E ni ya duaradufu, hutoa milivolti 4 na hutumia gramu 2. Sifa yake kubwa ni kwamba mwili mmoja hupokea sindano zote za jamii ya VM95, kuanzia ya mviringo hadi ya Shibata, pamoja na ile ya santuri za mizunguko 78. Kwa mwenye sanduku lililochanganyika, na gramafoni yenye mwendo wa 78, hii huokoa fedha: hununua mwili mmoja na sindano mbili.

Ortofon 2M Red hutoka Denmark, katika kampuni iliyoanzishwa mwaka 1918. Ni ya duaradufu, hutoa milivolti 5.5, hutumia gramu 1.8 na ina uzito wa gramu 7.2. Mwili wake hupokea pia sindano ya 2M Blue, ambayo ni bora zaidi, kwa hiyo mtumiaji anaweza kupanda daraja baadaye bila kufungua skrubu.

Nagaoka MP-110 ya Japani hutumia gramu 1.5 hadi 2. Wengi huisifia kwa sauti iliyotulia.

Kununua katriji iliyotumika

Mwili wa katriji ya sumaku inayocheza hudumu miaka mingi, lakini sindano iliyotumika haina historia inayojulikana. Anayenunua gramafoni au katriji ya mitumba ahesabu bei ya sindano mpya tangu mwanzo, hata kama muuzaji anasema iliyopo ni nzima. Kabla ya kulipa ahakikishe kwamba sindano ya katriji hiyo bado inatengenezwa. Shure ya Marekani, iliyokuwa maarufu sana, iliacha biashara ya katriji mwaka 2018. Sindano zinazouzwa leo kwa ajili ya katriji zake nyingi ni za watengenezaji wengine, baadhi wazuri, kama JICO ya Japani, na baadhi ni za kuiga zisizo na ubora. Kioo cha kukuzia kinaweza kuonyesha kijiti kilichopinda au ncha iliyopotea, lakini uchakavu wa almasi yenyewe huhitaji hadubini.

Kufunga na kupima

Nyaya nne za mkono zina rangi za kawaida: nyeupe ni chanya ya kushoto, buluu ni hasi ya kushoto, nyekundu ni chanya ya kulia na kijani ni hasi ya kulia. Katriji husogezwa mbele au nyuma hadi ikae sambamba na mistari ya karatasi ya kupimia. Vipimo vinavyotumika sana huweka nukta mbili za usahihi, milimita 66 na 120.9 kutoka katikati ya santuri.

Baada ya hapo hupimwa uzito wa sindano. Mizani ndogo ya kidijitali ya kupimia vito inatosha, mradi sahani yake si ya chuma kinachovutwa na sumaku. Wengi huamini kwamba uzito mdogo huilinda santuri. Ukweli ni kwamba uzito ulio chini ya kiwango huifanya ncha iruke ndani ya mfuo na kugonga kuta zake, na madhara yake huzidi yale ya uzito ulioongezeka kidogo. Ni salama zaidi kukaa katikati au juu kidogo ndani ya kiwango cha mtengenezaji.

Utunzaji na muda wa matumizi

Kwa kutegemea umbo la ncha na usafi wa santuri, watengenezaji hutaja muda wa saa 300 hadi 1,000. Sindano ya saa 500 hucheza takriban santuri 750 za dakika 40. Anayesikiliza santuri mbili kila siku ataimaliza kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Ni vizuri kuandika tarehe sindano ilipowekwa na kuibandika chini ya gramafoni.

Vumbi huharakisha uchakavu. Santuri hufutwa kwa brashi laini kabla ya kuchezwa, na ncha husafishwa kwa brashi ndogo kutoka nyuma kwenda mbele, kamwe si kutoka upande hadi upande, kwani kijiti huvunjika kwa urahisi. Kidole hakifai kwa kazi hiyo.

Dalili za sindano iliyochakaa ni herufi S inayosikika kama mluzi au mkwaruzo, sauti iliyopasuka mwishoni mwa upande, na mkono unaoteleza juu ya santuri ambayo zamani ilicheza vizuri. Dalili hizo zikionekana, inafaa kusimamisha mashine hadi sindano mpya ipatikane. Tahadhari hiyo ni ya lazima zaidi kwa santuri ambazo nakala zake ni chache, kama zile za taarabu na dansi za zamani.